Krasnaya Moskva: pafyumu ya Kisovieti ya kina mama, inaitwa ya maua halafu inanuka karafuu (uzi mrefu)

Binti Uturi

Wakuu habari za jioni. Humu kila wiki ni udi wa Dubai na zile pafyumu za kopi za Kariakoo, leo tutoke kidogo tuongelee kitu cha zamani. Krasnaya Moskva, yaani Moscow Nyekundu, ya kiwanda cha Novaya Zarya pale Moscow. Ilitoka 1925, ya kike, na kwenye Umoja wa Kisovieti hakuna pafyumu iliyojulikana kuizidi. Mpaka leo bado inatengenezwa ila ya leo na ya zamani ni vitu viwili, ntafika huko.

Kilichonifanya nifungue uzi ni kwamba watu wanasoma mtandaoni imeandikwa "ya maua", wanaagiza, ikifika wananusa wanakasirika. Mtu anategemea asumini, anategemea waridi, kitu cha kikuba hivi, anakutana na karafuu na poda na joto fulani linalokaa kwenye nguo mpaka kesho kutwa. Basi anaandika "inanuka bibi" anatupa pembeni. Mi nasema hivi, ni ya maua kweli ila ua lake halijachumwa bustanini, limeundwa, na aliyeliunda kalijenga juu ya karafuu. Ukiinusa ukiwa unalijua hilo unaweza kuipenda, na ukiichukia basi uichukie kwa haki.

Inaendaje sasa. Dakika za mwanzo kuna bergamoti (jamii ya ndimu hiyo), ua la mchungwa na giligilani, hizi zinapita chap chap usizitegemee. Halafu linaingia lenyewe, karnesheni, lile ua la mikunjo mikunjo wanalochomeka bwana harusi kwenye koti. Chini ya karnesheni kuna asumini, waridi na langilangi ila zimekandwa pamoja huwezi kuziokota moja moja, ukijaribu kusema "hii hapa asumini" ishakuponyoka. Na mwisho ndo pale penyewe, mzizi wa ua la iris ambao unakaushwa miaka kabla haujatoa harufu, vanila na tonka (mbegu yenye harufu karibu na vanila). Hapo ndo poda inapotokea, ile poda ya usoni ya zamani ya kwenye kikopo cha bati chenye sponji yake.

Tabia yake haichekicheki. Ni yule mama anayekaa mstari wa mbele kwenye shughuli, kitenge kimepigwa pasi, hasemi sana, na akinyanyuka kuondoka kila mtu anajua kaondoka.

Haya karibuni, aliyewahi kuinusa aseme.

Kiroboto Mzee

Pafyumu ya kikomunisti 😂😂 si inanuka trekta hiyo

Binti Uturi

@Kiroboto Mzee hahaha ungejua. Ina harufu ya kibepari kuliko hizo unazopulizia wewe, ngoja nije na historia utacheka vizuri.

Naweka Kambi

Naweka kambi hapa. Tupia na picha ya chupa dada.

Mzee wa Odessa

Nimeona jina la uzi nikasimama. Mimi nimesoma ubaharia Odessa miaka ya themanini, hiyo kitu naijua bila kuandikiwa.

Binti Uturi

Shikamoo mzee. Tafadhali tupe, hapa ndo tulikuwa tunakungoja.

Mzee wa Odessa

Marahaba binti yangu.

Ni hivi, kule tarehe 8 Machi ni sikukuu, hakuna kazi, na mwanaume anayejiheshimu hatoki mikono mitupu. Unanunua kitawi cha mimosa, yale maua ya njano madogo madogo, na kama mfuko unaruhusu unanunua na kiboksi. Kiboksi chenyewe chekundu na cheupe, kina mistari inayochongoka kukumbushia kuta za Kremlin, ndani chupa na kizibo cha kioo umbo la kuba la makanisa yao. Walimu, mama mwenye hosteli, karani wa ofisi ya wanafunzi, hao wote ukiwapa Krasnaya Moskva hukosei, wanaipokea kwa mikono miwili.

Ila wasichana wa rika letu hawakuitaka kabisa! Walisema ni ya mama zao. Wao walikuwa wanatafuta Climat ya Lancôme, pafyumu ya Kifaransa, hiyo ilikuwa habari nyingine kabisa, anayeipata anaficha. Ikikosekana basi za Riga kule Latvia, za kiwanda cha Dzintars, au zile za Poland zinaitwa Być może. Kwa hiyo msidhani Mrusi mwenyewe anaiona ni fahari siku zote, hata wakati ule kuna waliokuwa wanakunja pua.

Nachokumbuka zaidi ni opera ya Odessa wakati wa baridi. Ukiingia huruhusiwi kukaa na koti, unaliacha kwenye chumba cha makoti. Sasa watu wametoka kwenye barafu, nje pua imekufa ganzi hunusi chochote, wakifika ndani kwenye joto wanavua yale makoti ya sufi na manyoya kwa pamoja na hapo harufu inafumuka yote kwa mkupuo. Kina mama wote Krasnaya Moskva. Na mle ndani ya manyoya imo ya mwaka jana na ya mwaka juzi, maana koti la manyoya halifuliwi.

Binti Uturi

@Mzee wa Odessa umenipa kitu kikubwa sana mzee. Hiyo ndo sababu watu wetu wanaikosea, hii imetengenezwa kwa ajili ya baridi na manyoya. Kwenye baridi vitu vyepesi havinyanyuki, unahitaji vitu vizito vinavyosubiri mpaka wapate joto. Sa mtu anajipulizia mara nane saa saba mchana Mbagala, kwenye daladala, lazima abiria wateremke.

Shosti wa Ilala

Mi swali langu kwa mleta uzi, umesema karnesheni halafu umesema karafuu, ni ipi sasa? Au ni zote

Binti Uturi

@Shosti wa Ilala swali zuri na hapa ndo utamu wote ulipo.

Karafuu ukali wake unatokana na kitu kinaitwa yujeno, daktari wa meno anakipaka kwenye jino bovu, ile ganzi na ile harufu ya kliniki ndo yenyewe. Mafuta ya karafuu sehemu kubwa kabisa ni hiyo yujeno. Sasa ua la karnesheni la zamani, lile lenye harufu, nalo linanuka kwa yujeno na ndugu yake aisoyujeno. Kulikamua ua lenyewe kuna gharama kubwa na mafuta yanatoka kiduchu, kwa hiyo watengenezaji tangu zamani walikuwa wanafanya hivi, wanachukua yujeno na aisoyujeno, wanaongeza waridi kidogo, langilangi, vanila, wanapata karnesheni safi kabisa bila kugusa bustani. Ndo maana nikasema ua limeundwa. Ukiinusa Krasnaya Moskva unanusa karafuu iliyovalishwa nguo za ua.

Wa Naivasha

Manze hii ni ukweli. Huku kwetu karnesheni ziko greenhouse kwa greenhouse, naona zikipakiwa kila siku ziende Ulaya, na hazinuki kitu. Nimewahi weka pua ndani kabisa, zii. Zimezalishwa zikae siku nyingi kwa vase bila kunyauka, harufu ikaachwa njiani. So mtu wa siku hizi akiambiwa pafyumu ya karnesheni hata hajui anatafuta nini, nimewahi ona moja tu yenye harufu kwa shamba la nyanya yangu Limuru na kweli ilikuwa spicy hivi.

Mpemba wa Wete

Subirini kwanza. Kwa hiyo mnataka kunambia Warusi walikuwa wanajipaka karafuu yetu? Mie nimekulia kwenye karafuu bwana, nimechuma, nimechambua makonyo (vile vikonyo vya karafuu), nimeanika kwenye majamvi mpaka mikono inawasha, na siku zote wanatwambia inakwenda Indonesia kwenye sigara. Hii ya pafyumu ya Moscow ndo kwanza naisikia.

Binti Uturi

@Mpemba wa Wete karibu ami. Yujeno mara nyingi haitoki hata kwenye karafuu yenyewe, inatoka kwenye makonyo na majani, vile vitu unavyochambua ukaweka pembeni. Si unakijua kile kiwanda cha makonyo pale Wawi, Chake Chake? Ukipita upepo ukiwa upande wako pua inawaka. Mafuta yale ndo mali ghafi ya watu wa marashi duniani. Na kuna jingine, zamani hata vanila ya kiwandani ilikuwa inatengenezwa kwa kuibadilisha yujeno ya karafuu kabla hawajahamia kwenye miti na mafuta ya petroli. Yaani konyo moja linaweza kukupa karnesheni juu na vanila chini.

Lakini usishangilie bado 😂 maana Wasovieti hawakupenda kununua kwa pesa za kigeni. Walitafuta mmea wa kuwapa yujeno nyumbani kwao wakaupanda pwani ya Bahari Nyeusi, Georgia na Abkhazia huko. Unajua mmea gani? Ocimum gratissimum. Kivumbasi! Hiki hiki cha uani kwako cha kufukuzia mbu.

Mpemba wa Wete

Wallahi umenimaliza. Kivumbasi! Bibi yangu alikuwa anakichoma jioni mbu wasiingie, kumbe wenzake Moscow wanakwenda nacho opera.

Kiroboto Mzee

Ok ok sasa nimekaa chini. Endelea na hiyo ya ubepari uliyoniahidi

Binti Uturi

@Kiroboto Mzee haya.

Kiwanda cha Novaya Zarya kabla ya mapinduzi kilikuwa cha Mfaransa anaitwa Henri Brocard. Alianza Moscow 1864 na sabuni, za bei rahisi kabisa ambazo hata mkulima ananunua, akapanda taratibu mpaka akawa mkubwa wa marashi Urusi. Jamaa alikuwa anajua kutangaza. Maonyesho makubwa ya Moscow ya 1882 aliweka chemchemi ya kolonya, sio ya maji, kolonya yake ya Tsvetochny inaruka hewani, watu wakawa wanachovya leso, wanachovya mpaka makoti.

Yakaja mapinduzi ya 1917, kiwanda kikataifishwa, kikapewa namba, halafu 1922 kikaitwa Novaya Zarya, Alfajiri Mpya. Wafaransa wengi walikimbia lakini mmoja, mtaalamu wa kuchanganya harufu anaitwa Auguste Michel, alibaki. Huyo ndo anatajwa kuwa aliyetunga Krasnaya Moskva na huyo ndo aliyewafundisha Warusi waliomfuatia.

Na sio hiyo tu. Kiwanda kingine cha Moscow hapo hapo, cha Rallet, kilikuwa na mtaalamu anaitwa Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow. Yeye aliondoka, akafika Ufaransa, 1921 akamtengenezea Coco Chanel ile No. 5 yake. Kwa hiyo mji mmoja, shule moja ya harufu, mmoja kaondoka katengeneza Chanel No. 5, mwingine kabaki kafanya Krasnaya Moskva. Hizi mbili hazifanani harufu, msije mkadanganywa na wauzaji kwamba ni kitu kimoja. No. 5 ina ule mng'ao wa aldehaidi (kemikali za harufu za maabara), baridi na sabuni, hii ya Moscow ni ya joto na viungo.

Inayofanana nayo ni L'Origan ya Coty, mtengeneza marashi wa Paris, ya 1905. Na kwa mbali L'Heure Bleue ya Guerlain ya 1912. Karnesheni, ua la mchungwa, vanila, poda, ndo mtindo wa Paris kabla ya vita ya kwanza. Kwa hiyo mapinduzi yalibadilisha lebo na jina, harufu ikabaki ya zama za tsar, mfalme wao. Mama wa chama 1950 anakwenda mkutanoni ananukia mabibi wa 1910.

Msomaji Kimya

Mimi huwa nasoma tu ila hapa nimejisajili kwa ajili hii. Nimesoma mahali kwamba hii ni pafyumu ya malkia, kwamba Brocard alimtengenezea malkia 1913 kwa ajili ya miaka 300 ya ukoo wa Romanov, wafalme wa Urusi, ikaitwa Bouquet Aipendayo Malkia, halafu Wabolshevik (wakomunisti wa mapinduzi) wakabadilisha jina tu. Kweli?

Binti Uturi

@Msomaji Kimya karibu sana. Hiyo hadithi iko kila mahali mpaka wauzaji wameigeuza tangazo. Watafiti wa historia ya marashi huko huko Urusi wameitilia shaka na mimi niko upande wao. Hadithi tamu mno, malkia, siri, mapinduzi, jina kubadilishwa, kila kitu kimepangika kama tangazo. Na tena haihitajiki, ukishajua Michel ni Mfaransa wa shule ile ile ya Coty huna haja ya malkia kueleza kwa nini inanuka vile.

Kama unataka hadithi ya kweli yenye ukubwa kuna ya Polina Zhemchuzhina. Mke wa Molotov, yule yule waziri wa mambo ya nje wa Stalin. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliongoza kiwanda hiki cha Novaya Zarya, baadae akapewa shirika zima la serikali la sabuni na vipodozi, TeZhe. Yeye ndo alisukuma hoja kwamba mwanamke wa kisovieti naye apate pafyumu na lipstiki, sio trekta peke yake (umesikia Kiroboto?). Halafu Januari 1949 akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Kazakhstan, mume yupo pale pale serikalini kimya. Alitolewa Machi 1953, Stalin kashakufa.

Mzee wa Odessa

Hiyo ya Zhemchuzhina ni kweli kabisa, tulihadithiwa kwa sauti ya chini.

Shosti wa Ilala

Jamani mi napenda maua maua kweli, nyepesi, ya kijani. Hao Warusi hawakuwa nayo? Maana hii ya karafuu naona itanishinda

Binti Uturi

@Shosti wa Ilala walikuwa nayo. Tafuta Serebristy Landysh, nayo ya Novaya Zarya. Landysh ni ua dogo jeupe la msituni lenye kengele kengele, linatoka Mei baada ya barafu kuyeyuka. Harufu yake ni ya kijani, ya maji, imekaa kisabuni safi. Na lenyewe halikamuliki kabisa, mafuta halitoi, yote ni maabara. Kuna na Belaya Siren, ua la lailaki jeupe, hilo hilo tatizo na hiyo hiyo dawa. Hizi ni za wasichana, za asubuhi. Ila tahadhari, landysh ya zamani na ya sasa zinatofautiana maana moja ya kemikali zilizokuwa zinatumika sana kutengeneza harufu hii, Lilial, Ulaya imepigwa marufuku tangu Machi 2022 na dunia nzima ya marashi ikabidi ichanganye upya.

Boss Manukato

Wadau nina bakhoor original na misk ya Makka bei poa DM kwa mawasiliano

Naweka Kambi

@Boss Manukato kila uzi wewe

Mama Ayaan

Nimekuja mbio kutoka jukwaa la mapishi nimeambiwa mnaongelea hii. Mama yangu mzazi alisoma udaktari Kiev, karudi na chupa moja ya hii kitu, ipo kwenye kabati lake la vyombo mpaka leo pamoja na boksi lake. Imebaki kama nusu, rangi imekuwa ya chai ya rangi, na kizibo kimegoma kabisa kufunguka. Mama hana hamu nayo kanambia chukua. Je imeharibika? Na ntajuaje ni ya mwaka gani? Boksi lina maandishi yao yale, nyuma kuna alama ya pembe tano ina kitu ndani na chini kuna muhuri wa bei.

Boss Manukato

Dada laki na nusu nakutumia sasa hivi

Binti Uturi

@Mama Ayaan USIUZE. Wala usisafishe boksi.

Hiyo alama ya pembe tano ni alama ya ubora ya serikali yao, ilianza 1967, kwa hiyo chupa yako haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Hiyo ndo njia rahisi kuliko zote. Kwa wengine wenye boksi lisilo na alama angalieni bei, 1961 ruble, pesa yao, ilikatwa, kumi za zamani zikawa moja, kwa hiyo boksi lenye bei kubwa kubwa huenda ni la kabla ya 1961. Na jina la shirika lililoandikwa juu nalo linasaidia, TeZhe ni za zamani sana, Glavparfumer za katikati, Soyuzparfumerprom za mwishoni.

Rangi isikutishe. Vanila ikikaa miaka mingi inakuwa nyeusi, ni kawaida yake, na hivyo vitu vya chini vinadumu. Kinachokufa ni vya juu, bergamoti na ua la mchungwa. Ukifungua utakutana na harufu ya siki au ya rangi ya kucha dakika kadhaa, usiogope, acha ipite. Kilichopungua ni spiriti imeondoka kwenye kizibo, kwa hiyo iliyobaki ni nzito kuliko ilivyokuwa dukani, tumia kwa akiba.

Ila nisikilize hapa. USIPAKE KWENYE NGOZI UKATOKA JUANI. Pafyumu za zama zile zilikuwa na miski za maabara za aina ya naitro, na moja yao, miski ambreti, ilikuja kuondolewa kwa sababu ikikutana na jua inaunguza na kuacha madoa kwenye ngozi, na pia ilionekana na madhara kwenye neva. Paka kwenye nguo. Nguo yenyewe isiwe nyeupe, itaacha doa la kahawia halitoki.

Mama Ayaan

Asante sana, na kizibo?

Binti Uturi

Kizibo cha kioo kilichosuguliwa kinashikana na mafuta ya pafyumu yenyewe, yamegeuka gundi. Usikivute na usitie kisu, shingo itapasuka ndo basi tena. Chukua spiriti ya duka la dawa, dondosha tone moja moja pale kizibo kinapokutana na shingo, iache isimame usiku kucha. Asubuhi shika shingo kwa kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu (uvuguvugu, sio moto), kizibo kibaki baridi, halafu zungusha taratibu kama unafungua skrubu, usivute juu. Kikigoma rudia. Weka chupa ndani ya beseni lenye taulo wakati wote maana kikiachia ghafla mkono unarusha.

Wa Naivasha

Na hii ya siku hizi inayouzwa online ni bure kabisa ama?

Binti Uturi

@Wa Naivasha sio bure ila imepunguzwa. Aisoyujeno siku hizi ina kikomo kikali kwenye miongozo ya IFRA, shirika la wenye viwanda vya harufu, kwa sababu inawasha ngozi za watu wengi. Miski za naitro nyingi hazipo. Sasa ukiondoa hizo mbili kwenye pafyumu ambayo mgongo wake ni karnesheni na mto wake ni miski, inabaki na nini? Kwa pua yangu ya sasa imekuwa kali juu na nyembamba chini, inaanza kwa kelele halafu ile poda inafika imechoka. Inatambulika, mtu aliyeijua atasema ni yenyewe. Kwa mtu anayetaka kujua sura yake kwa bei ndogo anunue tu, akijua ananunua picha.

Na mkitaka kuvaa, ya zamani au mpya, mi naivaa hivi: usiku, nafukiza udi kwanza kwenye baibui, udi kidogo usiwe wa kukohoza, halafu natia tone moja kwenye pindo la ndani. Udi na ile karafuu vinaelewana mno, vanila inakuja katikati inawapatanisha. Ile harufu ya "bibi" inaondoka kabisa. Watu wananiuliza ni atari gani ya Oman, siwaambii.

Mzee wa Odessa

Hii ya udi hatukuijua sisi. Mke wangu nimemsomea, kasema atajaribu nikimletea chupa, sasa mmenitia kazini.

Kiroboto Mzee

Mzee chukua chupa ya kisasa umwambie ni ya 1975 hatojua

Mzee wa Odessa

Ndoa yangu ina miaka mingi kuliko wewe kijana, sikukuomba ushauri.

Mpemba wa Wete

Mie nimechuma kivumbasi hapa nje nimekisugua mkononi nanusa huku nasoma upya uzi tangu mwanzo. Aisee ni kweli. Kinaanza na kijani kijani halafu nyuma yake karafuu hii hapa, miaka yote hii napita nacho sikuwahi kuiwekea maanani. Vijana wangu wananitazama wanaona mzee kachanganyikiwa.

Mama Ayaan

Wapendwa kimefunguka! Kiligoma mara ya kwanza nikarudia kama ulivyosema dada Binti, kikazunguka chenyewe taratibu.

Ya juu imekufa kweli, ilikuwa siki tupu na kitu cha dawa ya viatu, nikataka kukata tamaa. Nimetia tone kwenye mtandio wa kijani nikautundika dirishani nikaenda kupika. Nimerudi chumba chote karafuu na poda, tamu, ila tamu isiyo ya sukari sijui niseme vipi. Asumini sijaiona kabisa, waridi labda kwa mbali. Mama kapita mlangoni kasimama kanusa, kasema "hiyo walikuwa wanapaka wahudumu wa wodi ya wazazi, mimi nilikuwa siipendi, ilikuwa inanitia kichefuchefu zamu ya usiku", halafu kauchukua mtandio kajitanda nao kaenda zake msibani.

@Boss Manukato siuzi.